Kliniki ya watoto Ngamiani, Tanga: tathmini ya huduma kwa mtoto anayeumwa kichwa mara kwa mara

Kliniki ninayoieleza hapa ni ndogo, ni ya binafsi, imo katika mojawapo ya barabara zenye namba za Ngamiani, na inahudumia watoto peke yao. Jina lake silitaji, kwa sababu pamoja na sifa ninazoipa nina malalamiko kadhaa, na sipendi malalamiko ya mzazi mmoja yawe hukumu juu ya watumishi wote. Nilimpeleka mwanangu wa kiume, aliye darasa la nne, baada ya kichwa kumsumbua kwa muda mrefu, kikimwacha siku kadhaa kisha kumrudia, wakati mwingine pamoja na kutapika. Sitaeleza kila kitu kuhusu kliniki hiyo. Nitaeleza namna inavyotafuta chanzo cha maumivu ya kichwa ya mtoto, kwa kuwa hapo ndipo huduma nyingi nilizowahi kuziona hapa mjini zinapopungua, na hapo ndipo hii ilipostahili ada yake.

Mzazi wa Tanga anaijua njia ya kawaida. Mtoto akisema kichwa kinamuuma, hupewa parasetamoli iliyomo nyumbani; asipopata nafuu hupelekwa kwenye duka la dawa muhimu la jirani; akirudiwa tena hufikishwa zahanati, na huko, kabla hajakaa vizuri kwenye kiti, huandikiwa karatasi ya maabara: malaria, taifodi, mkojo. Majibu yakirudi, mara nyingi kuna kitu kimoja kilichoonekana, na mtoto huondoka na dozi. Malaria lazima ipimwe kwa mtoto mwenye homa, na kwa hilo sina ubishi, maana ukanda wetu wa pwani pamoja na Muheza una historia ndefu ya ugonjwa huo. Lakini mtoto asiye na homa, anayelala na kichwa leo, akaamka kesho akiwa mzima na kucheza mpira, kisha akaumwa tena wiki inayofuata kwa namna ileile, anahitaji kuulizwa maswali mengine. Kipimo cha Widal nacho, yaani kile cha damu kinachotumika kutafuta taifodi, kikifanywa mara moja tu, hakitoshi kuthibitisha taifodi, kwa sababu kingamwili kinazozitafuta huweza kuwa zimebaki mwilini tangu maambukizi ya zamani, au zimetokana na maambukizi mengine kabisa. Dozi za namna hiyo mwanangu alikwisha kumeza za kutosha, na kichwa hakikuacha kurudi.

Daktari alitupokea mimi, mwanangu na mama yangu mzazi, ambaye ndiye anayeshinda na mtoto mimi nikiwa kazini. Alimwamkia mama yangu, akaitikiwa, kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: alimvuta mtoto kwenye kiti kilicho karibu naye na kuanza kumuuliza yeye kabla ya kutuuliza sisi. "Baba, nionyeshe kwa mkono wako mahali kinapokuuma." Mtoto aliweka kiganja chote juu ya paji la uso. "Kinadunda, au kinabana kama umefungwa kitambaa?" Akasema kinadunda. "Kikikuuma, unapenda dirisha liwe wazi au lifungwe? Unataka kucheza na wenzako, au kulala?" Mwanangu, ambaye kwa kawaida mbele ya daktari hujibu kwa kutikisa kichwa tu, alieleza kwamba hujifunika mto usoni na hapendi dada yake azungumze. Mimi mama yake sikuwahi kulisikia jambo la mto. Maswali yale yalikuwa yamechaguliwa yalingane na umri wake, na kila moja lilikuwa na kazi. Maumivu yanayobana kichwa pande zote, yasiyozuia michezo na yasiyoleta kichefuchefu, huelekeza kwenye kichwa cha mkazo. Yale yanayodunda, yanayomlaza mtoto, yanayochukia mwanga na kelele na kuleta kutapika, huelekeza kwenye kipandauso.

Ndipo alipotugeukia sisi. Alitaka kujua maumivu yalianza lini, huja saa ngapi, hukaa muda gani, hurudi baada ya siku ngapi, na kama yanazidi ukali kadiri miezi inavyopita. Swali hilo la mwisho alilirudia kwa maneno tofauti, na baadaye alieleza sababu: kichwa kinachokuja na kuondoka kwa namna ileile kwa mwaka mzima, huku mtoto akiwa mzima kabisa katikati yake, kina tafsiri tofauti sana na kichwa kilichoanza juzi na kinachoongezeka kila wiki. Kisha akauliza ni nani mwingine katika ukoo anayeumwa kichwa. Mimi nilisema hakuna. Mama yangu akasema yupo, ni yeye mwenyewe. Tangu usichana wake alikuwa akijifungia chumba chenye giza, amejikaza kanga kichwani, mpaka atapike na kulala, na akiamka kimekwisha. Hakuwahi kwenda hospitali kwa ajili hiyo.

Maelezo aliyoyatoa daktari baada ya hapo ndiyo yaliyonifanya niandike tathmini hii. Alisema kipandauso hurithiwa sana katika familia, na kwamba watu wengi, hata baadhi ya watumishi wa afya, hawakitambui kwa watoto kwa sababu wanakijua kwa sura yake ya utu uzima. Mtu mzima mara nyingi huumwa upande mmoja. Mtoto huumwa mbele, pande zote mbili. Kwa mtu mzima hukaa angalau saa nne. Kwa walio chini ya miaka 18 utaratibu wa kimataifa wa kuainisha maumivu ya kichwa unakubali hata saa mbili, na upeo ni saa 72. Wapo watoto wadogo ambao kwao huanza kwa maumivu ya tumbo na kutapika bila kichwa kutajwa, na hao ndio wanaopewa dawa za minyoo tena na tena. Usingizi mara nyingi hukikata. Kabla ya balehe wavulana huumwa sawa na wasichana, na baada ya balehe wasichana huwazidi. Daktari hakutamka kwamba ndicho kinachomsumbua mwanangu mpaka alipohakikisha kwamba mtoto amekwisha kupatwa na vipindi vitano au zaidi vinavyofanana, na hata hapo alisema bado hajamkagua.

Kabla ya kumkagua alitutaka tuieleze siku ya mtoto tangu alfajiri hadi kulala, na hapo mazungumzo yalichukua muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote. Mwanangu huamka kabla jua halijachomoza, hunywa chai ya rangi haraka haraka, na huenda shule bila kula kwa sababu asubuhi hana hamu. Chakula chake cha kwanza cha maana ni cha mchana. Baada ya hapo ni madrasa, kisha tuisheni, kwa sababu darasa la nne lina upimaji wa kitaifa na kila mzazi ana wasiwasi. Maji hanywi shuleni, na alipoulizwa sababu alijibu bila kuficha kwamba vyoo vya shule hapendi kuvitumia. Usiku, kwa kuwa mchana mzima hakupumzika, hupewa simu kidogo, na hiyo kidogo hufika saa nne ya usiku na zaidi. Daktari aliandika yote. Alisema watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji usingizi wa saa 9 mpaka 12 kwa siku, kisha akamwachia mama yangu ahesabu mwenyewe wa mjukuu wake. Njaa ya asubuhi, maji machache katika joto la Tanga la kaskazi, usingizi mfupi na chai kali, kila kimoja peke yake huweza kuamsha kichwa cha mtoto mwenye kipandauso, na kwa mtoto asiye nacho huweza kuleta kichwa cha kawaida. Kafeini iliyomo kwenye chai na kwenye soda za kola nayo humsumbua mtoto kwa njia mbili, kwa kumwondolea usingizi na kwa kumletea kichwa pale anapoikosa baada ya kuizoea.

Mama yangu alitaka lawama yote ibebwe na simu. Daktari hakumbishia kwa ukali. Alimweleza kwamba mwaka 1962, kabla simu hizi hazijafikiriwa, daktari Bo Bille wa Uppsala, Uswidi, alichapisha utafiti juu ya watoto wa shule karibu 9,000, na walio wengi walikuwa wamewahi kuumwa kichwa kabla ya kutimiza miaka 15. Simu inaiba usingizi na inachosha macho, alisema, lakini kichwa cha mtoto kilikuwapo kabla yake. Nilithamini kwamba mama mtu mzima alijibiwa kwa hoja na kwa heshima, si kwa kutabasamiwa.

Kisha alituomba sisi wawili tutoke nje kidogo, akabaki na mtoto na muuguzi. Baadhi ya wazazi huenda wakalichukia hilo. Mimi naliona kuwa miongoni mwa mambo bora ya kliniki hii. Mtoto anayeonewa na wenzake njiani, anayeogopa fimbo, anayesikia ugomvi nyumbani au aliyefiwa na hajaulizwa anavyojisikia, huweza kuumwa kichwa kweli, si cha kuigiza, na hatalisema hilo mbele ya mtu anayemwogopa au anayemhurumia. Tulipoitwa tena daktari alituambia tu kwamba hakuna jambo la kutisha, ila mtoto ana hofu ya mtihani kuliko tunavyodhani. Yaliyobaki aliyahifadhi.

Ukaguzi ulikuwa wa makini kwa kiasi ambacho ningependa kila mzazi akijue, ili aweze kuudai popote aendako. Alimpima joto, uzito na urefu. Alimpima presha kwa mkanda mdogo wa mtoto, akaeleza kwamba mkanda wa mtu mzima kwenye mkono wa mtoto hutoa namba isiyo ya kweli, na kwamba presha ya kupanda kwa mtoto, ingawa si ya kawaida, mara nyingi hutokana na ugonjwa wa figo na kichwa huweza kuwa dalili yake. Aliangalia viganja na sehemu ya ndani ya kope kutafuta upungufu wa damu, ambao kwa watoto wa mkoa wetu huletwa na malaria za kurudia, safura, kichocho na lishe duni. Aliuliza kuhusu selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli za damu, kwa kuwa mtoto mwenye selimundu anayepata kichwa kikali cha ghafla ni wa kupelekwa hospitali bila kusubiri, kwani anaweza kuwa anapata kiharusi. Alichungulia masikio, koo na meno. Jino lililooza upande wa nyuma, alisema, huweza kupeleka maumivu hadi kwenye panja. Alibonyeza mashavu na paji la uso, lakini alionya kwamba si kila kichwa cha mbele kinachoitwa sainasi, yaani uvimbe wa nafasi za hewa ndani ya mifupa ya uso, ni sainasi kweli, hasa kwa watoto wadogo, ambao uwazi wa mfupa wa paji la uso kwao haujakua vya kutosha.

Sehemu iliyofuata mwanangu aliifurahia. Aliambiwa atembee kwenye mstari wa vigae, kisigino kikigusa vidole, aguse pua yake kisha kidole cha daktari, afuate kalamu kwa macho bila kugeuza kichwa, atabasamu, afumbe macho kwa nguvu, na ainamishe kidevu mpaka kiguse kifua. Mwisho taa ilipunguzwa na daktari akaangalia ndani ya macho yake kwa kifaa chenye mwanga, akitafuta uvimbe mahali neva ya jicho inapoingilia, ambao ni alama kwamba shinikizo ndani ya fuvu limepanda. Ukaguzi huu wa mwisho ndio uliomwezesha kutuambia kwa ujasiri kwamba hakuona haja ya picha ya kichwa. Wazazi wengi, nami nikiwamo, huingia wakiwa na hofu moja wasiyoitamka, ya uvimbe kwenye ubongo, na huamini kuwa picha ya CT ndiyo itakayoiondoa. Alieleza kwamba uvimbe wa ubongo kwa watoto upo, lakini ni nadra; kwamba mara nyingi huambatana na dalili nyingine zinazoonekana mtoto anapokaguliwa vizuri; na kwamba picha ya CT humpa mtoto mionzi, kwa hiyo haifai kupigwa kwa ajili ya kumtuliza mzazi peke yake.

Kuhusu macho alikuwa na msimamo unaostahili kusikiwa, kwa kuwa hapa mjini mtoto akiumwa kichwa jirani wa kwanza atasema "mpeleke akapimwe miwani". Kutoona vizuri huweza kuleta kichwa, hasa kile cha mchana baada ya kusoma, kinachopungua siku za mapumziko. Lakini ni mara chache kuleta kichwa kikali cha kutapika. Alimsomesha mtoto chati ya herufi E, akaridhika, na akasema kwamba kama ingehitajika miwani angemwandikia rufaa kwenye kliniki ya macho, ambako mtoto huwekewa matone ya kulegeza misuli ya jicho kabla ya kupimwa, kwa sababu jicho la mtoto lina nguvu ya kujirekebisha na hulidanganya jicho la mpimaji.

Aliuliza pia tunapikia wapi na mtoto analala wapi. Nilidhani ni udadisi. Kumbe jiko la mkaa linalowekwa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa, kama wafanyavyo watu mvua za masika zinaponyesha, hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na dalili yake ya kwanza ni kichwa na kichefuchefu kwa zaidi ya mtu mmoja katika nyumba. Gesi hiyo huua watu usingizini.

Sasa malalamiko. La kwanza ni la mapokezi. Kabla hatujamwona daktari, kijana wa mapokezi alikuwa amekwisha kunipa karatasi ya maabara yenye vipimo vilevile vitatu vya desturi na kunitaka nilipie, akisema daktari "atavihitaji tu". Nilikataa, si bila kubishana. Daktari alipoiona karatasi ile alivifuta vyote, akaandika kipimo cha wingi wa damu peke yake, na akasema kama mtoto angekuwa na homa angeanza na malaria. Hivyo kliniki ina daktari anayefikiri kabla ya kupima na mapokezi yanayouza vipimo kabla ya kufikiri, na mzazi mnyonge asiyejua kukataa atalipia vyote viwili. Jambo hili uongozi unapaswa kulirekebisha haraka, maana linaharibu kazi nzuri inayofanyika mlango wa pili.

La pili ni ukumbi wa kusubiria. Pana feni, mabenchi ni safi na choo kina maji. Lakini televisheni ilikuwa ikipiga katuni kwa sauti ya juu, na mwanga wa ukuta wa jirani uliopakwa chokaa ulikuwa ukiingia moja kwa moja usoni mwa watoto. Kwa mtoto mwenye mafua pengine ni burudani. Kwa mtoto ambaye kila sauti inampasua kichwa, kusubiri pale tangu asubuhi hadi karibu na adhuhuri ni mateso, na niliona binti mmoja mdogo akilia huku mama yake akimfunika uso kwa mtandio. Nilimwomba muuguzi apunguze sauti. Alipunguza kwa upole na kutupeleka kwenye kibaraza cha nyuma chenye kivuli. Kibaraza hicho kipo siku zote. Kwa nini watoto wa namna hiyo wasielekezwe huko tangu mlangoni, sikuelewa. Foleni nayo hufuata namba tu, na mtoto mwenye homa kali alikaa nyuma ya watoto wa kuangaliwa vipele mpaka wazazi wenyewe walipokubaliana kumpisha.

La tatu ni dirisha la dawa, na hili nalieleza kwa urefu kwa kuwa linahusu usalama. Daktari aliandika parasetamoli kwa uzito: miligramu 15 kwa kila kilo, na kwa mtoto wa kilo 28 ni miligramu 420 kwa mara moja, akirudia baada ya saa sita akihitaji, na isizidi mara nne kwa saa 24. Mhudumu wa dirishani alinipa chupa ya dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita 5 na kuniambia "kijiko kimoja kutwa mara tatu". Kijiko kimoja cha dawa ni mililita 5, yaani miligramu 120, chini ya theluthi moja ya alichoandika daktari. Nilirudi kwa daktari, akaja mwenyewe, akaandika kwa kalamu kwenye chupa kwamba ni mililita 17 na nusu, na akanipa bomba la kupimia badala ya kijiko cha nyumbani. Alisema bila kuficha kwamba dawa nyingi za kichwa hushindwa kwa watoto kwa sababu mbili: hutolewa kidogo mno, na hutolewa kwa kuchelewa, kichwa kikiwa kimekwisha kuwa kikali. Dawa apewe mapema, kisha alale mahali penye giza na utulivu.

Wakati huohuo alituwekea mpaka, nao ni kutompa dawa ya maumivu zaidi ya siku mbili kwa wiki. Mtu anayemeza dawa hizi siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa miezi mitatu mfululizo, huweza kupata kichwa kinacholetwa na dawa yenyewe, na watoto hawakuepushwa na hilo. Aspirini aliikataza kabisa kwa walio chini ya miaka 16, pamoja na zile dawa za mchanganyiko wa aspirini na kafeini zinazouzwa madukani kwa kidonge kimoja kimoja, kwa sababu kwa mtoto mwenye maambukizi ya virusi aspirini huhusishwa na ugonjwa wa Reye, ambao ni nadra lakini hudhuru ini na ubongo. Nilipomuuliza kama hakuna dawa ya kumeza kila siku ya kuzuia, alinijibu kwamba utafiti uliofanywa Marekani kwa watoto wa miaka 8 hadi 17 na kuchapishwa mwaka 2017 ulilinganisha dawa mbili za kuzuia kipandauso, amitriptilini na topiramati, na vidonge visivyo na dawa, na makundi yote matatu yalipata nafuu kwa viwango vilivyokaribiana, ila waliomeza dawa halisi walipata madhara zaidi. Kwa hiyo angeanza na kifungua kinywa, maji, usingizi na kupunguza tuisheni, na dawa za kila siku angezifikiria baadaye kama vipindi vingekuwa vingi vya kumkosesha shule.

Tulipewa karatasi ya kuandika kila kichwa: tarehe, saa, kimekaa muda gani, alikuwa amekula nini na amelala saa ngapi, dawa gani imetolewa na imesaidia au la. Mama yangu hasomi vizuri, hivyo mtoto mwenyewe ndiye aliyekuwa akiandika kwa maelekezo ya bibi yake, na nadhani kazi hiyo peke yake ilimpunguzia hofu. Tuliporudi kliniki karatasi ilisomwa mstari kwa mstari. Ilionyesha wazi kwamba vichwa vyake vingi viliangukia siku alizotoka nyumbani bila kula, na vilipungua tulipoanza kumwamsha mapema kidogo apate uji na kumfungia chupa ya maji. Havijakwisha, na daktari hakuahidi kwamba vitakwisha.

Upungufu mmoja zaidi ni kwamba dalili za hatari tuliambiwa kwa mdomo tu, wakati zingepaswa kutolewa kwenye karatasi kwa kila mzazi anayetoka mlango ule. Nitaziandika hapa kama nilivyozielewa. Mtoto apelekwe hospitali kubwa bila kusubiri zamu ya kliniki ikiwa kichwa kimeambatana na homa na shingo iliyokakamaa, au mwanga unamuumiza sana na amelegea, kwa kuwa hiyo huweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Ikiwa amepata degedege, amechanganyikiwa au ni vigumu kumwamsha. Ikiwa kichwa kimeanza ghafla kwa ukali ambao hajawahi kuupata. Au ikiwa kimefuata kuanguka au kugongwa, hasa akitapika baada ya hapo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bombo, ndiyo mahali pa kumkimbiza. Na apelekwe kwa daktari upesi, ndani ya siku chache, ikiwa kichwa kinamwamsha usingizini au huwa kikali anapoamka asubuhi na kutapika, kinazidi akikohoa au kuinama, kinaongezeka wiki hadi wiki. Ikiwa ameanza kuwa na makengeza, kuona vitu viwili viwili, kuyumba anapotembea au kudondosha vitu. Ikiwa tabia yake au uwezo wake darasani umebadilika. Na ikiwa ni mtoto mdogo wa chini ya miaka mitano, ambaye kichwa cha kurudia kwake si cha kawaida na mara nyingi hawezi kukieleza, ila hushika kichwa, hulia na kuacha kucheza.

Kwa mzazi wa Tanga, Muheza au Pangani mwenye mtoto anayeumwa kichwa cha kurudia na ambaye amekwisha kuzunguka na dozi bila jibu, naipendekeza kliniki hii kwa sababu ya daktari wake. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano akumbuke kwamba vituo vya serikali humhudumia bila malipo kwa mujibu wa sera, na maswali yote niliyoyaeleza huweza kuulizwa huko pia ikiwa mzazi atayaanzisha mwenyewe. Ada ya kumwona daktari imebandikwa ukutani, jambo jema, lakini ya vipimo haikubandikwa, hivyo aulize kabla ya kulipa, na asilipie kipimo chochote ambacho daktari hajakiandika. Daktari huyu hayupo kila siku. Ni bora kuuliza siku yake kabla ya kupanda daladala. Mzazi aende na kadi ya kliniki ya mtoto, vifungashio vya dawa zote alizowahi kumpa, maji na kitu cha kula, kwa maana foleni ni ndefu, na amwombe muuguzi ampeleke mtoto kwenye kibaraza cha nyuma mapema.